Magari ya kasi kutoka Japan: umri hulipiwa mara mbili

DODOMA. Mfanyabiashara wa kanda ya kati anayetaka kuagiza gari la kasi kutoka Japan anakabiliwa na hesabu isiyofanana na ile ya gari la kawaida. Kwa gari la kawaida la mtumba, ukongwe hushusha bei ya kununulia na kupandisha kodi, na mara nyingi pande hizo mbili husawazishana. Kwa gari la kasi lenye jina, ukongwe hupandisha vyote viwili.

Magari yanayotafutwa zaidi na wapenzi wa mwendo yanafahamika: Subaru Impreza WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Nissan Skyline GT-R, Toyota Altezza, na Mark II yenye turbo. Karibu yote ni ya zamani. GT-R ya toleo la R34 ilikoma kutengenezwa mwaka 2002 na Altezza mwaka 2005. Lancer Evolution ilifikia mwisho mwaka 2016, hivyo hata ile ya mwisho kabisa imekwisha vuka miaka minane.

Mmarekani naye yuko mnadani

Sababu ya kwanza ya bei kupanda iko mbali na Dodoma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inazuia magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vya nchi hiyo, lakini kizuizi hicho huondoka gari likitimiza miaka 25. Kwa hiyo kila mwaka kundi jipya la magari ya Japan hufunguliwa mlango wa Marekani, na wakusanyaji wenye dola hushindana kwenye minada ileile anakonunulia wakala wa Mtanzania. R34 za kwanza, zilizotoka Januari 1999, zilifikia umri huo Januari 2024.

Matokeo yake ni kwamba gari ambalo kwa kawaida lingekuwa la bei poa kwa sababu ya miaka yake, limegeuka kuwa kitu cha kuhifadhiwa kama dhahabu. Mnunuzi wa Dodoma analipa bei ya mkusanyaji, kisha anafika bandarini Dar es Salaam na kutozwa kama aliyeleta gari chakavu.

Kodi inavyopanda ngazi

Gari la abiria lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake, ikijumlishwa nauli ya meli na bima. Unafuata ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hakuna kwa cc 1,000 kushuka chini, asilimia 5 kuanzia cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Kisha huja ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri, ambao ni asilimia 15 kwa gari lililovuka miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Mwisho kabisa ni VAT ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya thamani pamoja na kodi zote hizo.

Mathalani, chukua Impreza yenye injini ya cc 1,994 iliyokadiriwa dola 10,000 ikifika bandarini. Kama haijatimiza miaka minane, ushuru wa forodha ni dola 2,500, ushuru wa injini dola 625, na VAT dola 2,362.50. Jumla ni dola 5,487.50.

Gari lilelile likiwa limezidi miaka kumi, huongezeka dola 3,750 za umri, na VAT nayo hupanda hadi dola 3,037.50. Jumla hufika dola 9,912.50, yaani karibu bei nyingine ya gari. Tofauti ni dola 4,425. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 kwa dola moja, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 11 zinazolipwa kwa ajili ya miaka peke yake.

Mark II yenye injini ya cc 2,500, kwa thamani na umri huohuo, hufika dola 10,650. Hesabu hizi hazijagusa tozo ya reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5, wala ada za forodha, usajili, bandari na wakala.

Ankara si neno la mwisho

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kodi itapigwa kwa bei iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, na ndio unaotumika kukadiria. Aliyebahatika kununua kwa bei ya chini mnadani asitegemee kwamba bahati hiyo itamfuata hadi forodhani. Kikokotoo cha TRA kiko wazi kwa umma. Aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini viingizwe humo kabla ya senti moja kutumwa Japan. Aidha, viwango vya kodi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai mosi, hivyo gari lililoagizwa Mei linaweza kushushwa melini chini ya hesabu mpya.

Majirani wamechagua njia nyingine. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, bali imeweka malipo mlangoni. Ndiyo maana Altezza au R34 inaweza kuingia Dodoma kihalali wakati Nairobi haiwezi.

Usukani na ukaguzi

Anayevutiwa na magari ya Marekani ana kikwazo cha ziada. Ford Mustang, kwa mfano, zilianza kutoka kiwandani na usukani wa kulia mwaka 2015 tu. Gari la usukani wa kushoto ni hatari kulipita lori katika barabara ya Morogoro, na ni gumu kuliuza. Suala la kusajiliwa kwake liulizwe TRA mapema, si baada ya meli kutia nanga.

Hali kadhalika, gari lililotumika lazima likidhi ukaguzi wa Shirika la Viwango (TBS). Utaratibu wa mahali pa kukagulia umewahi kubadilika. Mwaka 2021 kazi hiyo ilihamishwa kutoka nje hadi Dar es Salaam. Wakala wa forodha aulizwe utaratibu unaotumika wakati huo. Gari likikwama bandarini kwa kukosa hati moja, gharama za kuhifadhi huhesabiwa kwa siku. Pia namba ya injini ilinganishwe na hati, kwa kuwa magari ya aina hii mara nyingi yamebadilishwa injini na wamiliki wa awali, na kadi ya gari huonyesha namba na ukubwa wa injini.

Baada ya hapo zipo takriban kilomita 450 hadi Dodoma, zenye matuta yasiyo rafiki kwa gari lililoshushwa chini. Petroli ya daraja la juu nchini Japan ina oktani 96 au zaidi, na injini nyingi zenye turbo zilipangwa kwa mafuta hayo. Fundi asiyezingatia hilo huua injini mapema, na vipuri vyake hufuatwa Dar es Salaam.

Nani atalinunua?

Swali kubwa kwa mwenye mtaji mdogo ni soko. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepata wanunuzi wengi wa magari, lakini mtumishi anayekwenda ofisini Mtumba hutafuta gari linalokula mafuta kidogo. Gari la kasi humsubiri mnunuzi mmoja maalum. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa anayefungia fedha za msimu katika gari hilo anaweza kukuta mavuno mapya yamefika sokoni naye hana cha kununulia.

Kwa anayeng'ang'ania mwendo, njia yenye nafuu ya kodi ni gari jipya zaidi lenye injini ndogo. Toyota GR Yaris, iliyotoka mwaka 2020 na injini ya cc 1,618, iko katika ngazi ya asilimia 5, na haina ushuru wa umri mpaka ivuke miaka minane. Bei yake ya kununulia ni kubwa, lakini fedha hizo zimo ndani ya gari na zinaweza kurudi kwa sehemu siku ya kuuza. Ushuru wa umri ukishalipwa, haurudi.