Waliomlilia Michael Jackson

Alhamisi ya tarehe 25 Juni, mwaka 2009, saa 8.26 mchana kwa saa za Los Angeles, madaktari wa hospitali moja kubwa ya mji ule walitangaza kwamba Michael Jackson amefariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 50. Huku kwetu saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, na mfanya kazi wa zamu ya asubuhi alikuwa usingizini. Alipoamka Ijumaa aliikuta habari imekwisha kuenea redioni, ndani ya mabasi na penye meza za kahawa, na kila mtu ana lake la kusema. Hapo ndipo ulipoanza ubishi ambao hurudi upya kila anapokufa mwimbaji mwenye jina: je, kabwela anayekwenda kazini kwa miguu ana udugu gani na tajiri wa Marekani hata amwage machozi kwa ajili yake?

Wenzetu wengine, na hasa wale waliosoma siasa kwa bidii, hujibu upesi kwamba hana udugu wowote. Husema kilio cha namna hiyo ni ulevi uliotengenezwa na wenye mali ili watu wasahau mishahara yao. Sisi hatulikubali jibu hilo. Hatusemi ya kwamba halina ukweli ndani yake. Unao, na tutaufikia. Lakini mwenye kulitoa amewatazama wauzaji tu, waliolia hakuwatazama kabisa.

Na tuwatazame. Katika barabara ya Hollywood majina ya watu mashuhuri huandikwa chini, katika nyota zilizotiwa kwenye sakafu ya njia ya miguu. Siku ile nyota ya marehemu haikufikika, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa na matayarisho ya onyesho la filamu. Watu wakatafuta jina, wakaliona mahali pengine, wakaweka maua na mishumaa hapo. Kumbe ile ilikuwa nyota ya mtangazaji mmoja wa redio, Mwingereza, ambaye naye aliitwa Michael Jackson na alikuwa mzima wa afya! Waliocheka walicheka. Sisi twaona kwamba mtu mwenye maua mkononi hawezi kurudi nayo nyumbani. Huko Harlem, New York, watu walijipanga mstari mrefu mbele ya ukumbi wa Apollo, ambamo yeye na kaka zake walishinda mashindano ya wasanii chipukizi mwaka 1967. Katika jela ya mkoa wa Cebu, nchini Ufilipino, wafungwa waliokwisha kujulikana duniani tangu 2007 kwa kucheza "Thriller" uwanjani katika nguo zao za kifungo walicheza tena kwa kumkumbuka. Na huko Krindjabo, kusini-mashariki ya Côte d'Ivoire, ambako wazee wa Wasanwi walimvika taji la mwana wa mfalme mwaka 1992, walimfanyia matanga kwa mila zao kama wanavyomfanyia mtoto wa nyumba ile. Mfungwa wa Cebu na mzee wa Krindjabo hawakuambiwa na kampuni yo yote walie.

Lakini mahali ambapo twapenda kukaa zaidi ni Gary, katika jimbo la Indiana. Mji huu uliundwa mwaka 1906 na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, kwa ajili ya viwanda vyake vilivyo ukingoni mwa ziwa Michigan. Huko ndiko alikozaliwa Michael tarehe 29 Agosti, 1958. Baba yake alikuwa mwendesha winchi kiwandani. Mama yake alifanya kibarua cha dukani. Na nyumba yao, yenye vyumba viwili tu vya kulala, ilikuwa na watoto tisa. Wafanya kazi wa bandari zetu hawahitaji kuelezwa kazi ya winchi ni kazi ya namna gani, wala mshahara wake hugawanyika vipi kwa vinywa tisa. Baba yule alikuwa na gitaa, na alikuwa na fimbo vile vile; mwanawe alisema hadharani mwaka 1993 kwamba alikuwa akipigwa. Hakufika miaka kumi na mmoja alipotiwa katika mkataba wa kampuni ya sahani za santuri. Tangu hapo hata siku ya mwisho hakuwa na mwaka ambao hakuna watu waliokula kwa jasho lake. Twamwita tajiri, na kweli alikuwa tajiri, hata mwaka 1985 alinunua kwa dola milioni 47.5 haki za nyimbo nyingi za Beatles, jambo ambalo wenye biashara hiyo hawakulizoea kwa mtu mweusi. Lakini kwanza alikuwa mtoto aliyetiwa kazini.

Alipokufa, watu wa Gary walikwenda kwenye kile kijumba wakaweka midoli, barua na maua, na baadaye wakakutana kwa maelfu katika uwanja wa michezo ambao wenyewe ulikuwa na jina la kampuni ile ya chuma. Mwaka 1960 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 178,000. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta hawafiki 70,000. Chuma kilipopunguza mikono, wenye uwezo walihama, maduka yakafungwa, nyumba zikaota majani. Basi waliobaki walikuwa wakimlilia nani? Hapana shaka walimlilia Michael. Lakini twaamini ya kwamba kulikuwa na mtu mwenye umri wa miaka 60 aliyesimama pale akiukumbuka mji wenye king'ora cha zamu na mshahara wa Ijumaa. Kilio cha watu wengi hakiwi na maiti mmoja tu ndani yake.

Na sisi je? Mwezi Februari 1992 alifika Dar es Salaam, akapokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, akaenda Sinza kuwaona watoto wenye ulemavu wa akili katika shule yao. Katika safari hiyo hiyo ya Afrika magazeti yaliandika kwamba alikuwa akijishika pua, na watu wakaona wametukanwa; watu wake wakaeleza kuwa hayo ni mazoea yake tu. Ubishi juu ya pua ile ulidumu kuliko habari za watoto wa Sinza, na hilo ni kosa letu sisi waandishi wa magazeti kwa jumla. Kadhalika wapo waliosema aliukana weusi wake. Ripoti ya uchunguzi wa maiti, iliyotolewa mwaka 2010, ilithibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wa mbalanga, uletao mabaka meupe katika ngozi, kama alivyosema mwenyewe. Kisha kuna jambo dogo ambalo wengi wetu twalipenda: katika wimbo wake "Liberian Girl" wa mwaka 1987 kuna maneno ya Kiswahili, yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika ya Kusini. Huko Liberia Kiswahili hakisemwi, lakini hatuoni sababu ya kulalamika.

Wapo pia waliokasirika kwa sababu nyingine, na hasira yao twaiheshimu. Mwezi ule ule wananchi wa Iran walikuwa wakiandamana kwa sababu ya uchaguzi, na wengine wakiuawa. Na siku tatu tu baada ya kifo hiki, tarehe 28 Juni, majeshi ya Honduras yalimwondoa Rais Manuel Zelaya kitandani mwake yakamtupa Costa Rica. Televisheni kubwa za Marekani, zilizokuwa zikitazama Tehran usiku na mchana, ziligeuza macho. Mtawala anayetaka kufanya jambo lake gizani hufurahi siku kama hizo. Hapa tunakubaliana na walalamikaji, ila twauliza: ni nani aliyegeuza kamera? Si yule mama wa Harlem aliyesimama katika mstari.

Yako na yale mengine, ambayo haifai kuyafunika kwa sanda. Alishtakiwa kwa kuwaharibu watoto. Shauri la mwaka 1993 lilimalizwa kwa fedha mwaka uliofuata, nje ya mahakama. Katika shauri la pili, mahakama ya California ilimwachilia kwa mashitaka yote tarehe 13 Juni, 2005. Na mwaka 2019 watu wazima wawili walitoa mashitaka yao katika filamu, na baadhi ya vituo vya redio vikaacha kupiga nyimbo zake. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilinyamaza dakika moja kwa heshima yake, lakini mbunge mmoja wa Texas alipoleta azimio la kumsifu, Spika hakulipeleka mbele. Sisi hatuna mizani ya kumpimia marehemu, na mwenye kusema kwamba jambo hilo limekwisha anawadharau wanaodai waliumizwa. Lakini kumlilia mtu hakumaanishi kumtolea cheti cha usafi. Watu wamewalilia baba zao waliowapiga.

Sasa tuwafikie wauzaji. Michael Jackson alikufa akiwa na madeni makubwa sana, naye alikuwa amefunga mkataba wa maonyesho 50 katika ukumbi wa O2 mjini London, yaanze mwezi Julai. Maonyesho hamsini kwa mtu wa miaka 50 ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia! Usiku wa tarehe 24 Juni alifanya mazoezi hata saa sita ya usiku ikapita, katika ukumbi wa Staples Center, Los Angeles. Daktari wake alikuwa akimpa dawa ya nusukaputi, itumiwayo hospitalini kwa kupasulia watu, ili apate kulala aweze kurudi kazini. Daktari huyo aliahidiwa dola 150,000 kwa mwezi. Novemba 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka minne kwa kuua bila kukusudia. Ni kweli kwamba mwimbaji mwenyewe ndiye aliyemtaka daktari yule. Familia ilipoishitaki kampuni ya maonyesho, AEG Live, juri ilisema mwaka 2013 kwamba kampuni ndiyo iliyomwajiri daktari, lakini haiwezi kulaumiwa, kwani kwa kazi aliyoajiriwa daktari hakuwa mtu asiyefaa. Sheria ya Marekani ina wenyewe. Sisi tunasema tu ya kwamba mfanya kazi anamjua daktari ambaye mshahara wake unategemea wewe uonekane kazini kesho.

Ukumbi ule wa mazoezi, Staples Center, ulikuwa mali ya kampuni hiyo hiyo. Na ndimo lilimoletwa jeneza lake tarehe 7 Julai, siku kumi na tatu baada ya mazoezi yale. Watu milioni 1.6 walijiandikisha katika bahati nasibu ya tiketi za bure 17,500. Mwaliko ulikuwa wa heshima, wala hatuwezi kusema kwamba shughuli ilikuwa ya uongo. Ulisomwa ujumbe wa Nelson Mandela, na mtoto wa marehemu mwenye miaka 11 alisema maneno machache yaliyowanyamazisha hata wenye dhihaka. Lakini gharama za polisi zilikuwa za mji, na mji ule, uliokuwa na upungufu mkubwa wa fedha, ulitembeza bakuli kwa wananchi. Huko London waliokwisha kununua tiketi waliambiwa kwamba mwenye kutaka fedha atarudishiwa, na asiyetaka atapelekewa tiketi yenyewe, nzuri ya kupendeza, iwe ukumbusho. Hesabu yake haihitaji mwalimu: kila aliyechagua karatasi aliiachia kampuni fedha za onyesho ambalo halikuchezwa. Picha za mazoezi zikaungwa zikawa filamu, ikatolewa Oktoba mwaka ule ule, ikaingiza zaidi ya dola milioni 260. Hakuna bidhaa iliyo rahisi kuuzwa kama jonzi, maana mnunuzi huona haya kuuliza bei.

Wala tusidhani kwamba wafanya biashara peke yao ndio wenye ujuzi huo. Franco Luambo Makiadi alipofariki Oktoba 1989, serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo. Nayo ilikuwa serikali ile ile iliyomtia jela mwaka 1978 kwa ajili ya nyimbo zake. Watu wa Kinshasa walimlilia Franco kwa miaka yote ambayo nyimbo zake ziliyasema mambo yao. Mobutu alitaka kuonekana karibu na jeneza. Mbaraka Mwinshehe aliyekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, hakuwa na kampuni ya kumfanyia filamu, na mpaka leo nyimbo zake zinapigwa redioni na mzee wa Morogoro huacha alichoshika akasikiliza.

Kwa hiyo mwanachama mwenzetu anayemcheka binti kiwandani kwa sababu amebandika picha ya mwimbaji penye cherehani yake hatumwoni kuwa ametumikia siasa yo yote. Afadhali amwulize wimbo ule aliusikia wapi mara ya kwanza, na alikuwa pamoja na nani. Kisha, akipenda, amweleze habari za mkataba wa maonyesho hamsini. Atasikilizwa.

Mazishi yenyewe hayakufanyika upesi. Kwetu, ambako maiti hucheleweshwa kwa kumngoja ndugu aliye safarini na hata hapo watu hunung'unika, jambo hilo lilishangaza kuliko mengine yote. Alizikwa tarehe 3 Septemba, siku 70 baada ya kufa, katika makaburi ya Forest Lawn, huko Glendale, ndani ya jumba kubwa la mawe ambalo halifunguliwi kwa kila mtu. Wapenzi wake hukusanyika nje ya jumba hilo kila ifikapo tarehe 25 Juni, na maua huyaweka huko huko nje.