Chakula Kinachojua Kusubiri

Mwaka juzi niliwaalika watu tisa nyumbani, mwezi wa Januari, joto la Dar es Salaam likiwa limekaza. Upishi ndiyo kazi yangu, nikajiona sina la kujifunza. Wageni wakafika, wakakaa barazani. Mimi nikabaki jikoni nakaanga sambusa huku, nageuza chapati kule, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope. Kila nilipochungulia nje nilikuta watu wanacheka mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake sikuusikia. Nilipotoka na sahani ya mwisho, shangazi alikuwa ameshaanza kutafuta kandambili zake.

Tangu hapo sipangi chakula cha wageni kwa utamu pekee. Naanza kwa kuuliza: kipi kinasubiri, na kipi hakisubiri?

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, una ukarimu wake. Bahari inatulia, samaki wanapatikana, maembe yamejaa sokoni. Lakini joto hilohilo linaloivisha embe linachachisha mchuzi. Bakteria wanaoharibu chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni ya jikoni ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Hewa ikipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Wali ndio unaotudanganya zaidi. Mchele una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukipoa taratibu mezani huku mnapiga soga, zinachipua na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto kiporo asubuhi haiondoki.

Ndiyo maana kwa wageni napika pilau, tena kwa makaa. Bibi zetu waliopalia makaa juu ya mfuniko hawakuwa na kipimajoto, lakini walichofanya ndicho tunachofundishwa hotelini: kukiweka chakula juu ya nyuzi 60 mpaka kinapopakuliwa. Pilau iliyofunikwa vizuri na kupaliwa hivyo inasubiri bila kinyongo.

Samaki hasubiri, ila mchuzi wake unasubiri. Kwa samaki wa kupaka, naandaa tui asubuhi. Tui la pili ndilo linalotangulia jikoni pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ukwaju. Tui la kwanza linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko hautoki mkononi. Tui ni vitone vya mafuta vilivyoshikiliwa ndani ya maji kwa msaada wa protini. Ukilichemsha kwa fujo, au ukalimwagia ndimu nyingi ghafla, protini inagandamana, mafuta yanaelea juu, na hapo ndipo tunasema tui limekatika. Likishakuwa zito nalipoza upesi kwenye bakuli pana, kisha linaingia kwenye friji.

Samaki mwenyewe namnunua asubuhi na barafu nabeba mwenyewe. Wauzaji hunicheka, lakini nina sababu. Jodari, nguru na vibua wana histidini kwa wingi; wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini. Mlaji anawashwa, uso unawaka, kichwa kinamgonga, na watu wanasema ana aleji ya samaki. Mara nyingi aleji hana kabisa: samaki wake alipigwa jua. Histamini haiondolewi na moto wala ndimu, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Kwa hiyo nampaka chumvi na viungo, namrudisha kwenye baridi. Ndimu nampaka anapokaribia kwenda motoni, maana akikaa nayo muda mrefu nyama inakakamaa kabla haijaona moto.

Jiko la mkaa liko uani, karibu na mkeka. Mgeni mmoja namkabidhi kipepeo. Hakuna anayekataa, na baada ya dakika tano kila mtu ana maoni yake kuhusu makaa. Mimi nabaki na brashi ya kupakia tui, nikiwa katikati ya hadithi badala ya nyuma ya ukuta.

Kachumbari nakatakata mapema lakini chumvi natia wakati wa kupakua, la sivyo nyanya zinatoa maji yote na tunakunywa supu. Embe dodo nanunua siku tatu kabla na kuziacha nje zimefungwa kwenye karatasi. Zikiingia kwenye friji mbichi hazitaiva vizuri, zikishaiva ziingie zipoe. Kitindamlo hicho hakihitaji mpishi, kinahitaji kisu.

Sahani nyingi sitoi. Masinia mawili, birika la kunawia, basi.

Wageni wa mara ya mwisho niliwaambia saa moja jioni. Saa mbili kasoro simu ikaita: ndiyo kwanza wanatoka nyumbani, foleni kubwa. Niliongeza makaa mawili juu ya mfuniko wa pilau, nikajimiminia juisi ya ukwaju, nikakaa mkekani. Samaki alikuwa bado yumo kwenye barafu.