Somo la Plagi Chafu
Huenda mtoto wa Kilwa Kisiwani ameona boti ikizimika katikati ya mlangobahari wa kwenda Masoko na kuchukuliwa na mkondo, wala hakuelezwa sababu. Mwalimu na aingie darasani na plagi mbili kuukuu, moja safi na moja chafu. Watoto wazitazame kwanza, maelezo baadaye. Wataona masizi juu ya kauri nyeupe, kwani mafuta yalizidi katika petroli. Masizi hupitisha umeme; basi umeme huvuja juu ya kauri badala ya kuruka pengo, na cheche haitokei.

Historia nayo yasaidia. Miongoni mwa ndege za Waingereza zilizoisaka manowari Königsberg katika delta ya Rufiji mwaka 1915, zilikuwamo zenye injini za Gnome, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na rafadha. Zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, nayo yalichafua plagi upesi.

Fundi hufungua plagi injini ikiwa imepoa, huiosha kwa petroli, huisugua kwa brashi, huikausha, kisha hupima pengo. Yenye kauri iliyopasuka hutupwa. Darasani petroli isiingie kabisa: kitambaa kikavu chatosha.