Saa ya mama isiyotoka mkononi mwa William

Mwana wa mfalme anaweza kuvaa saa yoyote aitakayo, hata ya dhahabu iliyojaa almasi. Lakini William, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, kwa miaka mingi ameonekana na saa ileile: Omega Seamaster ya chuma, toleo la miaka ya 1990, yenye uso wa buluu na iliyoundwa kwa ajili ya wapiga mbizi.

Inaelezwa kuwa alipewa na mama yake, Diana, aliyefariki dunia kwa ajali ya gari jijini Paris Agosti 31, 1997. William alikuwa na umri wa miaka 15.

Saa yenyewe ni ya kazi. Inatumia betri na imeundwa kustahimili maji hadi kina cha mita 300. Pete iliyozunguka kioo humwonyesha mpiga mbizi amekaa chini ya maji dakika ngapi. Huzunguka upande mmoja tu, hivyo ikigongwa kwa bahati mbaya itamwonyesha muda mrefu kuliko ukweli. Atatoka mapema, hataishiwa hewa akiwa chini.

Mwenyewe naye alifanya kazi ngumu. Alirusha helikopta za uokoaji za jeshi la anga, baadaye helikopta za kubeba wagonjwa.

William si mpenzi wa vito. Alipomwoa Kate Aprili 29, 2011, aliamua kutovaa hata pete ya ndoa. Kate ndiye anayevaa kumbukumbu nyingine ya Diana: pete ya yakuti ya buluu aliyovishwa na William walipokuwa Kenya, Oktoba 2010. William alieleza kuwa ilikuwa njia yake ya kuhakikisha mama yake hakosi furaha yao.

Familia nyingi zina kitu cha namna hiyo. Kwa mmoja ni kanga ya bibi, kwa mwingine redio ya baba. Matatizo huanza pale vitu vya marehemu vinapogawanywa kwa kutazama bei. Kabla ya kugawana, ulizaneni kila mmoja angependa kubaki na nini. Saa kuukuu ambayo sonara haitaki huenda ndiyo mtoto anayoitazama kila asubuhi.

Betri ikiisha, hubadilishwa. Mama aliyeitoa saa hapatikani tena.