Kejeli ya Siasa Redioni: Ufundi wa Kuunganisha Sauti

Mwanafunzi aaminiye kila asikialo redioni hajafunzwa kusikiliza. Hivyo twapendekeza kwamba somo la kusikiliza lijumuishe kejeli ya siasa itungwayo kwa vipande vya sauti.

Mfano mmoja watoka Marekani. Mwaka 1956 Bill Buchanan na Dickie Goodman walitoa santuri iitwayo "The Flying Saucer": mtangazaji huuliza maswali, na majibu ni vipande vilivyokatwa kutoka nyimbo mashuhuri za wakati huo. Mwaka 1973 Goodman aliutumia ufundi huo huo kuikejeli kashfa ya Watergate katika santuri ya "Watergrate". Kicheko hutokana na mahali kipande kilipopachikwa: maneno hayakubadilika, swali ndilo jipya, na maana imegeuka.

Darasani, mwalimu aandike ubaoni sentensi moja ya hotuba ya kubuni, kisha wanafunzi waitungie maswali matatu. Wataona jibu lile lile likisifu, likilaumu na likichekesha. Hapo waulizwe: msikilizaji atajuaje kama anataniwa au anadanganywa? Mkejeli huuacha mshono usikike, mwongo huuficha. Siku hizi kompyuta huuficha kuliko wembe na utepe wa zamani, kwa hiyo haja ya somo hili imezidi.