Nafuu ya Pampu ya Joto Eldoret Imo Kwenye Tokeni

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai hakuna anayetamani maji kama yanavyotoka bombani. Nyumba nyingi hutegemea shawa ya umeme. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika nane kwa siku kwenye shawa ya kilowati 5. Mwezi ukiisha, kuoga peke yake kumekula uniti 100.

Pampu ya joto haizalishi joto, hulihamisha. Feni huvuta hewa ya nje. Ndani mna gesi iliyo baridi kuliko hewa hiyo, nayo hunyonya joto lake. Kompresa huibana gesi mpaka iwe moto, kisha joto hupewa maji ya tangi. Ni kazi ile ile ya friji, ila hapa kinachotakiwa ni joto linalotupwa nyuma. Ukisimama kando yake ikifanya kazi, hewa baridi inakupiga miguuni, na chini yake maji yanadondoka: ni unyevu wa hewa uliopozwa. Kwa uniti moja ya stima, maji hupata joto la uniti tatu hivi. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza wazo hili mwaka 1852. Usiku wetu wa nyuzi 10 unaifaa mashine hii kuliko theluji ya Ulaya.

Ndugu zetu walio ughaibuni huuliza kwanza serikali itachangia kiasi gani. Uingereza, tangu Oktoba 2023, imekuwa ikitoa pauni 7,500 kwa mwenye nyumba anayeng'oa boila ya gesi na kufunga pampu ya joto. Kenya haina mpango wa kitaifa wa namna hiyo, na muuzaji anayekuahidi fedha za serikali akuonyeshe karatasi.

Nafuu iliyopo imo kwenye bei ya stima. Aprili 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini, iliwagawa wateja wa nyumbani mafungu matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa uniti 31 hadi 100, na wanaozidi 100. Fungu la kati lilianza na shilingi 16.30 kwa uniti, la juu shilingi 20.97, kabla ya kodi na tozo nyingine. Familia yetu, ikiongeza uniti 40 za taa, friji na pasi, inafika 140, yaani fungu la juu. Pampu ya joto ikipunguza zile 100 za kuoga hadi 40, pamoja na joto linalopotea tangini, jumla ni 80. Hapo matumizi yamepungua na kila uniti inayobaki nayo imeshuka bei. Fungu huamuliwa kwa wastani wa miezi kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa na tokeni ya kwanza. Tunza jumbe za Kenya Power, ugawanye kiasi ulicholipa kwa uniti ulizopata, mwezi baada ya mwezi.

Upande wa kodi, sola ndiyo iliyopendelewa. Msamaha wa VAT kwa vifaa vyake uliondolewa 2020, ukarudishwa 2021, na kanuni za 2012 zililenga majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Naona ni haki pampu ya joto nayo itajwe kwa jina katika sheria hizo, maana hupasha maji hata wiki za mawingu ambazo sola ya juu ya bati huchoka. Na stima inayoiendesha nayo ni safi, kwani nyingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

Kabla ya kulipa, dai ankara inayoonyesha VAT peke yake. Uliza gesi iliyomo ni ipi, na kama kuna fundi wa friji hapa mjini anayeweza kuijaza. Mashine ikae mahali pa wazi. Ukiifungia stoo, itapoza hewa ya humo na kuanza kula stima.