Fahamu: Mashine zipi za kufulia za leo zitatafutwa kesho?

Mashine ya kufulia haigeuki kitu cha wakusanyaji kwa sababu ni nzuri tu. Lazima iwe na jambo ambalo nyingine hazina, na fundi aweze kuifungua.

Hili la pili ndilo gumu. Mashine nyingi za sasa zina tangi la plastiki lililounganishwa moja kwa moja, bila skrubu. Beringi ikifa, unauziwa tangi zima, na wengi huona heri kununua mashine mpya. Umoja wa Ulaya umeanza kubana: tangu Machi 2021, vipuri kadhaa muhimu lazima vipatikane kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuletwa sokoni.

Mfano wa upekee ni Dyson Contrarotator, iliyotoka Uingereza mwaka 2000 ikiwa na mapipa mawili yanayozunguka kinyume. Ilikuwa ghali, ikadumu sokoni miaka michache tu, na leo wakusanyaji huisaka.

Kwa za sasa, mimi ningeweka kwenye orodha Speed Queen TC5 ya Marekani. Inafua kwa nguzo ya katikati inayosukasuka nguo, mtindo wa kizamani hasa. Inakunywa maji, kweli, lakini mitambo yake inaeleweka. Miele W1 ya Ujerumani nayo imo. Kampuni hupima mashine zake kwa matumizi sawa na miaka 20.

Zinazotegemea programu ya simu nazitilia shaka. Seva ikizimwa, nusu ya ufundi wake huondoka nayo.